Je, Wajua? Baiskeli ya Milimani Ilizaliwa Ikiwa Kuukuu

Je, wajua kwamba baiskeli ya kwanza ya milimani haikuwa mpya? Ilikuwa mkweche wa miaka thelathini au arobaini. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini tu ya San Francisco huko California, walikuwa wakipekuapekua mabohari na minada ya vitu chakavu wakitafuta Schwinn za zamani, hasa aina ya Excelsior: baiskeli nzito zilizotumiwa na wagawa magazeti, tairi pana, gia moja, breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Walizipata kwa dola chache. Wakang'oa madigadi, taa na kila kilichopiga kelele, wakafunga vishikio vya breki vya pikipiki, kisha wakazipeleka Mlima Tamalpais na kuzishusha kwa kasi ambayo aliyeziunda hakuiwazia hata kidogo.

Tarehe 21 Oktoba 1976 waliandaa mashindano yao ya kwanza ya kupimana muda, kwenye njia ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax. Njia ile ina urefu wa kilomita tatu na ushei na inaporomoka takriban mita 400. Breki ya nyuma ilipata moto kiasi kwamba grisi iliyo ndani ya habu iliungua na kufuka moshi. Ukifika chini, kazi ya kwanza ilikuwa kuifungua habu na kuijaza grisi upya, na kutokana na kazi hiyo mbio zikaitwa Repack. Rekodi ya njia hiyo, dakika 4 na sekunde 22, ni ya mmoja wa vijana hao, Gary Fisher. Mwenzake Joe Breeze yuko nyuma yake kwa sekunde mbili tu.

Habari hii inafaa kukumbukwa na kila mwenye baiskeli ya chuma ya milimani ya miaka ya 1980 au 1990 anayejiuliza aiweke kama ilivyotoka dukani au aifunge vifaa vya leo. Wapo wapenzi wa vitu vya kale ambao ukiwaambia unataka kubadilisha kishikio cha gia, watakutazama kama mtu aliyekuja na nyundo kubomoa Mji Mkongwe. Wana hoja, na tutaifikia. Lakini hao mashujaa wanaowatukuza, akina Fisher na Breeze, hawakuhifadhi kitu. Walichukua baiskeli ambazo leo mkusanyaji angezifungia kabatini, wakazitoboa, wakazifunga gia za baiskeli za barabarani, wakazivunja fremu, wakatafuta nyingine.

Ya kwanza kuundwa makusudi

Fremu za Schwinn zilipokuwa zikikatika mno, Joe Breeze aliketi akaunda fremu mpya kwa mabomba ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, mabomba ya daraja lililokuwa likitumika kwenye ndege. Hiyo ilikuwa mwaka 1977. Alitengeneza kumi za mfululizo ule, na kila kifaa kilichofungwa kilikuwa kipya. Zilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, nyepesi ukilinganisha na mikweche iliyotangulia.

Ya kwanza kati ya hizo kumi iko leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Marekani, mjini Washington. Fairfax nako kuna makumbusho ya baiskeli yaliyofunguliwa mwaka 2015, na Breeze mwenyewe ni mmoja wa watunzaji wake. Kwa hiyo aliyeanza kwa kuchakachua baiskeli za zamani amemalizia kuzitunza nyuma ya kioo. Sioni ukinzani hapo. Alihifadhi zile zilizobadilisha jambo, na hizo ni chache.

Baiskeli zilizofuata zilikwenda sokoni. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, baiskeli ya kwanza ya milimani kuundwa kwa wingi. Iliundwa Japani, ikauzwa Marekani kwa dola 750.

Kwa nini Japani, na kwa nini iliisha

Kwa muda mfupi tu, Wajapani waliuza kazi ya mikono ya hali ya juu kwa bei ya chini. Sababu haikuwa baiskeli hata kidogo, ilikuwa sarafu. Kabla ya Septemba 1985 dola moja ilinunua yeni 240 hivi. Mwezi huo mawaziri wa fedha wa nchi tano tajiri walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha thamani ya dola. Ndani ya miaka miwili dola ilikuwa karibu yeni 150. Fremu iliyoungwa Japani kwa mikono ikawa ghali ghafla, na kazi ikahamia Taiwan.

Kwa hiyo ukikutana na baiskeli ya milimani yenye kibandiko cha mabomba ya kampuni ya Tange na maandishi madogo kuwa imetengenezwa Japani, umekutana na mabaki ya dirisha lililofunguliwa miaka michache tu na kufungwa na watu waliokuwa wakizungumza habari za sarafu. Bridgestone, wale wale wa matairi, walikuwa miongoni mwa waliong'ang'ania. Toleo lao la MB-1 lilibaki la chuma hadi walipofunga biashara ya baiskeli Marekani mwaka 1994. Leo MB-1 ni ya kutunza.

Sehemu ya mabaki hayo iko kwetu. Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya zimekuwa zikishushwa bandarini Dar es Salaam na Zanzibar kwa miaka mingi, na katikati ya lundo la baiskeli za mama wa Kijapani zenye vikapu hujitokeza, mara moja moja, fremu ambayo mtu wa California angeitolea macho. Muuzaji huipa bei ya kikapu.

Chuma chote hupinda sawa

Je, wajua kwamba nondo ya dirisha lako na bomba la Reynolds la bei mbaya vina ukakamavu ule ule? Ukitengeneza mabomba mawili ya kipimo kimoja, moja la chuma cha kawaida na jingine la kromoli bora, ukayawekea mzigo mmoja, yatapinda kwa kiasi kile kile. Wahandisi hupima jambo hili kwa gigapaskali, na chuma cha aina karibu zote kiko kwenye 200 hivi. Aluminiamu iko kwenye 70.

Tofauti ya chuma cha ghali iko kwingine: unaweza kukipinda mbali zaidi kabla hakijakataa kurudi. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba mno, na ukuta mwembamba ndio wepesi. Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, ndiye aliyepata hataza mwaka 1897 ya bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati. Nje halionyeshi kitu. Ndani, penye maungio, ukuta una unene wa milimita 0.9, na katikati 0.6, au pungufu ya hapo.

Unaweza kulisikia. Chukua fremu tupu, iinue, kisha piga bomba la juu kwa ukucha kuanzia kwenye maungio kuelekea katikati. Kwenye ncha sauti ni butu. Sentimita kumi au kumi na tano mbele yake sauti hubadilika na kuwa kama ya glasi. Sauti isipobadilika kabisa, huenda bomba ni la unene mmoja, na hilo peke yake linakupa jibu la nusu ya swali letu: hiyo si fremu ya kuililia. Ibadilishe upendavyo.

Kuna jambo jingine ambalo chuma kinalo na aluminiamu haina. Chuma kina kikomo cha uchovu. Mtikisiko ukiwa chini ya kikomo hicho, unaweza kurudiwa mamilioni ya mara bila ufa kuanza. Kwa aluminiamu kila mtikisiko, hata mdogo, unaandikwa kwenye daftari. Fremu ya chuma ya mwaka 1988 iliyoundwa vizuri na isiyoliwa na kutu haijazeeka kwa maana ile ya kuchoka.

Inchi 26 za mwaka 1933

Gurudumu la baiskeli za milimani lilikaa kwenye inchi 26 kwa karibu miaka thelathini, na hakuna mhandisi wa milimani aliyechagua kipimo hicho. Mwaka 1933 Schwinn walileta sokoni Marekani tairi nene za watoto, wakifuata walichokiona Ujerumani. Rimu zake zilikuwa na kipenyo cha milimita 559 pale tairi inapokalia. Vijana wa Marin walirithi rimu hizo kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye mikweche yao. Basi dunia nzima ikafuata ukubwa wa baiskeli ya mgawa magazeti.

Leo viwanda vikubwa vimehamia kwenye inchi 29, ambazo rimu yake ni milimita 622, sawa kabisa na ya baiskeli za mashindano ya barabarani. Watu wengi wenye fremu za zamani huanza kuhangaika hapa: je, naweza kufunga gurudumu kubwa? Mara nyingi tairi litagusa uma au mabano ya nyuma, na breki za rimu hazitafika. Achana nalo. Tairi za 26 zipo Kariakoo, zipo Gikomba, zipo kwa fundi aliyetandika turubai njia panda. Ndiyo sababu wasafiri wanaovuka Afrika kwa baiskeli waliendelea kuzipenda 26 hata baada ya maduka ya Ulaya kuzisahau.

Na tairi ndilo badiliko la kwanza ninalolitetea, hata kwa baiskeli ya kutunza. Tairi la miaka thelathini limekauka, lina nyufa ubavuni na ni gumu kama soli. Tairi jipya pana, lenye mpira laini, linabadilisha baiskeli kuliko gia za mamia ya dola. La zamani litundike ukutani kama unalipenda.

Milimita tano na uzi

Hapa ndipo chuma kinapowashinda wote. Nafasi kati ya mabano mawili ya nyuma, pale habu inapokaa, imekuwa ikikua mwaka hadi mwaka. Baiskeli nyingi za milimani za miaka ya 1980 zina milimita 126 au 130. Baadaye ikawa 135, na kwa habu za kisasa zenye ekseli nene tunakuta 142 na 148. Mtu mwenye fremu ya 130 anayetaka habu ya 135 anahitaji milimita 2.5 kila upande. Kwenye fremu ya aluminiamu au kaboni jibu ni hapana. Kwenye fremu ya chuma, fundi anaipanua kwa mikono bila moto.

Namna ya kuhakiki ni nzuri kuitazama. Unafunga uzi kwenye bano la nyuma la kushoto, unaupitisha mbele kuzunguka shingo ya fremu, unaurudisha hadi bano la kulia na kuukaza. Sasa una nyuzi mbili zilizonyooka kutoka mbele hadi nyuma, moja kila upande wa bomba la siti. Unapima kwa rula kutoka kwenye bomba hadi uzi wa kushoto, kisha uzi wa kulia. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, upande mmoja umetoka kuliko mwingine. Hapo unachukua ubao mrefu, unauingiza katikati ya mabano, unasukuma kidogo, unaachia, unapima tena. Chuma hurudi nyuma kila mara, na ni lazima ukipitishe pale unapotaka ili kikirudi kitulie mahali pake. Fundi mwenye haraka asipewe kazi hii.

Kufika 142 au 148 ni habari nyingine. Hapo huhitaji ubao tu, unahitaji mabano mapya ya kuunga kwa moto, na kwa maoni yangu mstari mwekundu unaanzia papo hapo. Kinachofungwa kwa spana kinafunguliwa kwa spana. Kinachokatwa kwa gurudumu la kusagia hakirudi.

Shokapu, au namna ya kuharibu baiskeli nzuri

Mwaka 1990 mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika Durango, Colorado. Mmarekani Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na uma wa RockShox RS-1, uliokuwa na shokapu yenye mwendo usiofika hata sentimita tano. Kuanzia siku hiyo kila mtu alitaka shokapu mbele, na mpaka leo ndilo jambo la kwanza mtu analofikiria akitaka kuisasisha baiskeli yake ya chuma.

Tatizo ni urefu. Fremu ya mwaka 1987 ilichorwa kwa uma mgumu wenye urefu wa milimita 395 hivi kutoka ekseli hadi chini ya shingo. Uma wa shokapu wenye mwendo wa sentimita kumi una milimita 470 hivi. Ukiufunga, sehemu ya mbele inanyanyuka, na kanuni ya mafundi inasema kila milimita 20 zinalegeza pembe ya shingo kwa takriban nyuzi moja. Umeongeza 75, basi umelegeza karibu nyuzi nne. Usukani unakuwa mzito na mvivu, siti inalala nyuma, pedali zinapanda juu, na bomba la chini linabeba nguvu ambazo halikuandaliwa kuzibeba. Ukikuta fremu ya zamani yenye mkunjo mdogo au rangi iliyochanika chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo, jua mtu aliwahi kuigonga kwa mbele au kuifunga uma mrefu. Ipitishe kidole hapo kabla hujatoa hela.

Kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990 palikuwa na uma ngumu nzuri sana. Kampuni ya Kona ilitengeneza moja yenye miguu iliyonyooka kabisa bila mpindo, inayoitwa Project Two, ambayo watu bado wanaitafuta. Ukiwa nayo, usiiuze kwa ajili ya shokapu ya bei rahisi. Nyingi ya hizo shokapu ni springi mbili na kilo moja ya uzito wa bure.

Breki: hapa nakubali usasa

Baiskeli za miaka ya 1980 zina breki za mikono miwili inayovutwa na waya wa katikati. Zikirekebishwa na mtu anayezijua zinashika vizuri, ila wanaozijua wanapungua. Mwaka 1996 Shimano walieneza breki za mikono mirefu zinazovutwa kwa upande mmoja, ambazo kila fundi wa leo anazijua, na zinaingia kwenye vishikizo vile vile vya zamani vilivyounganishwa kwenye uma. Ni bolti mbili mbele, mbili nyuma.

Ila kuna mtego. Breki hizo zinahitaji kishikio kinachovuta waya mara mbili zaidi. Ukizifunga na vishikio vya zamani, kidole kinagusa usukani kabla tairi halijasimama. Ukifanya kinyume, vishikio vipya kwa breki za zamani, kishikio kinakuwa kigumu kama jiwe na baiskeli haisimami. Badilisha vyote viwili pamoja. Ulivyovitoa viweke kwenye mfuko, uandike tarehe.

Breki za diski ni jambo jingine. Zinahitaji bano la kuchomelewa kwenye mguu wa kushoto, na uma wa zamani haukuundwa kubeba msukosuko wa diski, ambao wote unaangukia mguu mmoja. Anayekuambia atachomelea bano hilo kwa mashine ya mageti, mshukuru, ondoka na baiskeli yako.

Gia ambazo hazikugombana

Wengi hudhani ukitaka kubadilisha kifaa kimoja cha gia itabidi ubadilishe vyote. Kwa Shimano wa milimani, kuanzia gia 6 hadi 9 za nyuma, kile kidude kinachohamisha cheni kinasogea kwa uwiano ule ule wa waya. Unaweza kuwa na vishikio vya gia 7 vya mwaka 1990 na kihamisha cheni cha gia 9 kilichotengenezwa miaka kumi baadaye, vikaelewana bila neno. Gia 10 ndipo walipobadilisha hesabu.

Vishikio vya kidole gumba vya enzi hizo, vile vinavyokaa juu ya usukani, usivitupe hata kwa dawa. Vinaweza kuzimwa mlio wa hatua na kufanya kazi kwa msuguano, maana yake vinaendesha karibu gia yoyote utakayoifunga. Cheni ikichakaa, waya ukilegea, kihamishi kikipinda, unatafuta gia kwa sikio na unaendelea na safari.

Na zile gia za mbele zenye umbo la yai, zilizoandikwa Biopace? Shimano walizileta mwaka 1983, zikazagaa, zikachekwa, zikatoweka. Umbo la yai limerudi kwenye mashindano ya sasa, ila likiwa limegeuzwa: sehemu pana ya leo iko pale ambapo Biopace iliweka sehemu nyembamba. Mmoja kati yao alikuwa amekosea, na wahandisi bado wanabishana.

Kitu kingine kilichotangulia wakati wake ni springi ya Hite-Rite. Mwaka 1984 Joe Breeze na mwenzake Josh Angell walitengeneza springi inayofungwa kwenye bomba la siti: unalegeza mkono, unaketi, siti inashuka, unanyanyuka, inapanda yenyewe na kukaa katikati. Leo kazi hiyo inafanywa na bomba la siti la mafuta lenye kitufe kwenye usukani, kwa bei ya baiskeli nzima.

Maji yaliyokaa ndani

Adui wa kweli wa fremu ya chuma hajali kama umeisasisha au umeihifadhi. Maji huingia kwa juu, kupitia mwanya wa bomba la siti, yanateremka hadi chini kwenye boksi la krenki na kutulia hapo. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, nje ya fremu inaweza kung'aa huku ndani ikimomonyoka. Ng'oa bomba linaloshika siti, pindua baiskeli, uone kinachotoka. Yakitoka maji ya rangi ya chai, fungua na boksi la krenki.

Huenda bomba hilo lisitoke kabisa. Bomba la siti la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, pakiwa na unyevu, hufanya betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Uozo wake unavimba na kulibana bomba mpaka hakuna mkono unaolisogeza. Grisi nyepesi ya shilingi chache ingezuia hayo yote. Lililokwama sana huweza kuyeyushwa kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, kwa kuwa inakula aluminiamu na kuacha chuma. Lakini inakula pia rangi, ngozi na macho, na inatoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Bora msumeno na subira.

Kuhusu rangi mimi ni mhafidhina. Fremu iliyopigwa mchanga kusafishwa inapoteza unene ambao, tukikumbuka, ni milimita 0.6, na vibandiko vilivyosema mabomba ni ya nani vinaondoka milele. Panguza, tia nta, paka mafuta ndani ya mabomba, iache na mikwaruzo yake. Kutu ikiwa imetoboa, hapo hakuna tena cha kuhifadhi.

Wenye kanuni na wasio nazo

Wapo waliomaliza mabishano kwa kuandika sheria. Huko Gaiole, Italia, tangu mwaka 1997 hufanyika L'Eroica, mwendo wa baiskeli za barabarani ambapo baiskeli lazima iwe ya kabla ya 1987, waya za breki zipite nje, na vishikio vya gia viwe kwenye bomba la chini. Japani, mbio za keirin zilizoanza mwaka 1948, mbio za kamari za jadi za wanaume, bado zinatumia fremu za chuma zilizoidhinishwa. Sababu yao haina mapenzi ya ukale: waliobeti wanataka kushindanisha miguu, pasiwe na mtu aliyeshinda kwa vifaa.

Na baiskeli nyingine zinastahili kuhifadhiwa kwa pale zilipofika. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, mtu na binamu yake, Nicholas na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli za milimani ili kuchangisha fedha za miradi ya maendeleo. Wakiziendesha palipoendesheka, wakizibeba mabegani palipokataa, walizifikisha kileleni, mita 5,895.

Tom Ritchey, aliyewaundia akina Fisher fremu mwaka 1979, alifika Rwanda mwaka 2005. Akaona wakulima wakishusha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao. Mwaka uliofuata akaandaa mashindano yaliyozipa nafasi hizo za mbao, na akachora baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea kahawa, kwa kuwa tunda la kahawa likichelewa kufika kwenye mashine ya kuoshea linashuka daraja. Mwenzake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alibaki kufundisha vijana. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, kisha akashindana mbio za baiskeli za milimani. Mchoro wa Ritchey haukuzingatia mtindo wa enzi yoyote; uliuliza tu magunia yakae wapi, na chuma gani kiyabebe.

Kwa hiyo kabla hujaamua, geuza baiskeli yako chini juu. Soma namba iliyogongwa chini ya boksi la krenki, tazama kibandiko cha mabomba kwenye bomba la siti, na tazama mabano ya nyuma: yaliyofuliwa ni manene na yana kingo safi, yaliyokatwa kwenye bati ni mapana na bapa. Ikiwa ni toleo la watu wachache na vifaa vyake vyote vipo, iache ilivyo, badilisha tairi na waya, iendeshe. Ikiwa ni moja ya maelfu, ifunge chochote kinachoingia kwa spana.

Na ukifika kwenye boksi hilo la krenki, kumbuka jambo moja ambalo limewaponza mafundi wengi. Kwenye fremu nyingi za milimani kikombe cha upande wa cheni kina hesi za kinyume: kukifungua unazungusha kulia. Kama kimegoma, kabla hujaongeza urefu wa spana hakikisha hukikazi. Fremu ikiwa ya Kiitaliano, vikombe vyote viwili hufunguliwa kushoto kama bolti nyingine yoyote.